Chuo cha Ukutani: Miaka 100 Baada ya Sheikh Abdallah Bakathir

Mwaka 1925 Unguja ilifikwa na misiba miwili mikubwa. Mwezi wa Mei alifariki Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, kadhi wa Kishafii ambaye jina lake lilitajwa kwa heshima kuanzia Ngazija hadi Istanbul. Mwaka huohuo akafariki Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mwanafunzi wake, sahibu yake na mwalimu wa chuo cha mtaa wa Ukutani, Mji Mkongwe.

Kiti cha kadhi kilikuwa na utaratibu wake: akiondoka huyu, serikali humteua mwengine. Chuo cha Ukutani kilisimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameshazikwa. Kilichokiokoa ni kwamba marehemu aliacha mtoto aliyesomeshwa vilivyo. Sheikh Abubakar bin Abdallah, wakati huo mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, alikaa alipokuwa akikaa baba yake na darsa zikaendelea.

Kwa hesabu ya miladi miaka 100 ya misiba ile ilitimia 2025. Kwa hijria ilitimia mapema zaidi, mwaka 1443, maana Ibn Sumayt alifariki Shawwal ya 1343. Hesabu yoyote itakayofuatwa, huu ni wakati wa kukiandika chuo hiki kama taasisi, na kumwandika mwasisi wake kama alivyokuwa: mtu wa dini aliyelea watoto wa aina mbili, wa kuwazaa na wa kuwasomesha. Bila ya wale wa kwanza, chuo kingefungwa 1925. Bila ya wale wa pili, leo kisingejulikana nje ya mtaa wake.

Kabla ya Ukutani: 1860 hadi miaka ya 1880

Sheikh Abdallah alizaliwa Lamu mwaka 1860, katika ukoo wa Bakathir, ukoo wa Kihadhrami unaojinasibisha na kabila la Kinda. Lamu ya zama hizo ilikuwa mji wa elimu. Wanavyuoni wake walisomesha barazani na misikitini, na mmoja wa waliomsomesha Sheikh Abdallah akiwa kijana ni Sayyid Mansab bin Abdulrahman, mwanachuoni aliyekuwa pia mshairi. Ni mji huohuo ambao Habib Saleh bin Alawi Jamalullayl aliusimamishia msikiti na chuo cha Riyadha. Kwa hiyo kijana huyu hakutoka mahali pakavu. Alitoka penye chemchemi, akaja Unguja kutafuta zaidi.

Unguja ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ilikuwa na mahitaji makubwa ya watu wenye elimu. Watawala walikuwa Maibadhi na raia wengi walikuwa Mashafii, ndiyo maana mji ukawa na makadhi wa madhehebu zote mbili. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyefariki 1896, alikuwa miongoni mwa nguzo za elimu ya Kishafii mjini. Hata hivyo mwanafunzi aliyetaka kufika mbali hakuwa na njia moja iliyonyooka. Vyuo vya Kurani vilikuwepo kila mtaa, na mtoto alianza na alifu kwenye ubao, akaingia juzuu, akahitimu msahafu. Baada ya hapo ilikuwa juu yake na wazee wake: amtafute sheikh atakayemkubali, au apande jahazi aende Lamu, Hadhramaut au Makka. Mwenye uwezo alisafiri. Asiye na uwezo aliishia kwenye msahafu.

Hapo ndipo haja ya chuo kama cha Ukutani ilipoanzia. Mji ulihitaji mahali pa kudumu ambapo mtoto wa fundi, wa mchuuzi au wa mgeni aliyeshuka juzi kutoka Ngazija angeweza kuvuka kutoka kusoma Kurani hadi kuifahamu sheria inayotoka humo, bila ya kuvuka bahari.

Mwalimu na mwanafunzi wa rika moja

Ibn Sumayt alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861. Baba yake, Sayyid Abi Bakr, alikuwa nahodha na mfanyabiashara mwenye asili ya Shibam, Hadhramaut. Kwa miaka, basi, mwalimu huyu alikuwa karibu sawa na mwanafunzi wake wa Lamu, na pengine mwanafunzi ndiye aliyemtangulia kidogo kuzaliwa. Jambo hili halikumzuia Sheikh Abdallah kukaa mbele yake na kitabu. Katika adabu za elimu za pwani, umri haukupewa nafasi ya mbele. Mwenye kujua alisomesha na mwenye kutaka kujua alisoma, hata kama wote wawili walikuwa na ndevu za urefu mmoja.

Ibn Sumayt alikuwa mtu wa safari. Aliuacha ukadhi wa Unguja katikati ya miaka ya 1880, akaenda Istanbul, ambako Sultani Abdulhamid wa Pili alimtunukia nishani, kisha akapitia Misri, Makka na Java kabla ya kurudi. Sheikh Abdallah naye alikwenda Makka kusoma kwa masheikh wa Kishafii wa huko. Alipotulia Unguja alikuwa amekusanya elimu ya Lamu, ya Ibn Sumayt na ya Makka. Katika muongo wa mwisho wa karne ya 19, Ukutani ikawa ndiyo anwani yake.

Mji uliokuwa ukimzunguka ulikuwa ukibadilika kwa kasi. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1896 kasri ya Sultani ilipigwa mizinga na manowari za Kiingereza. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Ng'ambo ya mji ilijaa watu waliotaka kujisimamisha upya, na elimu ya dini ilikuwa moja ya njia chache za heshima zilizokuwa wazi kwao. Chuo kilichomsomesha mtu bila ya kuuliza kwanza ukoo wake kilikuwa na kazi kubwa mbele yake.

Safari ya Hadhramaut, 1897

Mwaka 1897 Sheikh Abdallah alifunga safari ya Hadhramaut, akiwa na barua za Ibn Sumayt za kumtambulisha kwa masharifu wa huko. Alikwenda miji ambayo kwa mfuasi wa tarika ya Alawiyya, tarika ya masharifu wa Hadhramaut, ni kama kwenda kwa wazazi: Tarim, yenye ribati iliyofunguliwa mwaka 1886, na Say'un, alikokuwa akisomesha Habib Ali bin Muhammad al-Hibshi. Alisoma, alisikiliza, aliomba ijaza, na aliandika.

Maandishi yake ya safari, *Rihlat al-ashwaq al-qawiyya*, yalichapishwa baada ya kufa kwake, na ni miongoni mwa vitabu vichache vinavyomwonesha mwanachuoni wa Afrika Mashariki akiizunguka Hadhramaut kwa miguu yake na macho yake. Mwenye kuifungua rihla hii akitarajia habari za masoko na majumba atakuta habari za watu: alimkuta nani, alisoma nini kwake, alipewa ijaza ya kitabu gani. Kwa chuo, hiyo ndiyo iliyokuwa mali. Ijaza haikuwa karatasi ya kutundika ukutani. Ilikuwa ruhusa ya kusomesha, yenye majina ya waliotangulia mmoja baada ya mmoja, na kila mwanafunzi wa Ukutani aliyepewa ijaza na Sheikh Abdallah aliingizwa katika mnyororo huo.

Ribati za Hadhramaut zilimpa pia mfano wa mpangilio. Kule, wanafunzi walikaa pamoja, walikuwa na vitabu vya kufuatana na nyakati zinazojulikana. Utaratibu wa namna hii ulikuwa bado mgeni katika sehemu kubwa ya pwani yetu, ambako darsa mara nyingi zilitegemea nafasi ya sheikh.

Darsa ilivyokuwa ikisomeshwa

Asiyewahi kukaa kwenye darsa anaweza kudhani ni hotuba. Si hotuba. Wanafunzi hukaa halka, miguu wameikunja. Mmoja wao, anayeitwa msomaji, huwa mbele ya sheikh na kitabu chake kiko juu ya marfaa. Kitabu chenyewe, mara nyingi chapa ya Cairo au ya Bombay ya karatasi za manjano, kina sehemu zaidi ya moja katika ukurasa mmoja: matini, yaani maneno ya asili ya mwandishi, yamezungushiwa sharhe, na pambizoni mwa sharhe pana hashiya, maelezo juu ya maelezo. Jicho la mgeni hupotea humo. Msomaji husoma kipande cha Kiarabu, na akikosea irabu moja sheikh humrudisha nyuma pale pale. Kikishasomeka sawa, sheikh hukifungua kwa Kiswahili: maana ya neno, kisha hukumu yake, kisha mfano wa mjini. Mkopo wa duka la Darajani, mirathi ya shamba la mikarafuu, maji ya birika la msikitini yanayofika au yasiyofika kulla mbili, kipimo cha fikihi cha maji mengi. Mwanafunzi mwenye kalamu huandika maana hizo baina ya mistari, kwa herufi ndogo za Kiarabu zenye maneno ya Kiswahili.

Vitabu vilikwenda kwa daraja. Mwanzoni *Safina*, kitabu kidogo cha Salim bin Sumayr, Mhadhrami aliyefia Batavia, ambacho watoto wa pwani walikihifadhi moyoni. Baada yake matini ya Abu Shujaa. Mwenye kuendelea alifika kwenye *Minhaj* ya Imam Nawawi, na aliyeimaliza hiyo kwa sharhe zake aliweza kukaa mahakamani. Upande wa lugha, *Ajurrumiyya* kwanza, *Alfiyya* ya Ibn Malik baadaye. Tafsiri ya Kurani ilisomeshwa kwa *Jalalayn*. Ramadhani ilikuwa na darsa zake, na misikiti ya Gofu na Barza ilijulikana kwa darsa za wanavyuoni wa mkondo huu.

Inafaa jambo moja lisisitizwe hapa, maana ndilo lililozaa matunda makubwa baadaye. Kitabu kilikuwa cha Kiarabu, lakini kazi yote ya akili ilifanyika kwa Kiswahili. Kwa takriban nusu karne, Ukutani ilikuwa ikiunda Kiswahili cha kueleza sheria, sarufi na tafsiri kila siku, bila ya kuchapisha kitabu chochote cha lugha hiyo.

Waliopita mikononi mwake

Orodha ya waliosoma kwa Sheikh Abdallah na kwa Ibn Sumayt ni ndefu, na wengi walisoma kwa wote wawili. Wachache watatosha kuonesha chuo kilifika wapi.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891 na alikuja Unguja kusoma. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la *Sahifa*, mwaka 1932 akaanzisha *al-Islah*, na kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliandika vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi wakati wanavyuoni wengi waliona kuwa kitabu cha dini sharti kiwe cha Kiarabu.

Sheikh Hassan bin Ameir al-Shirazy, Mnguja, alikwenda bara akasomesha na kutabahari hadi akajulikana kuwa Mufti wa Tanganyika. Mwaka 1968 alirudishwa Zanzibar na kuzuiwa huko hadi alipofariki mwaka 1979. Wanafunzi wa wanafunzi wake wapo Dar es Salaam hadi leo.

Sheikh Burhan Mkelle, mzaliwa wa Ngazija, alikuwa katika halka za wanavyuoni hawa na akawa mwalimu na mtunzi. Sayyid Umar bin Ahmad, mtoto wa Ibn Sumayt mwenyewe aliyezaliwa 1886, alisoma kwa Sheikh Abdallah. Yaani baba alimsomesha Bakathir, na Bakathir akamsomesha mtoto wa mwalimu wake. Huyu baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar. Ndivyo deni la elimu lilivyolipwa baina ya nyumba hizi mbili.

Nje ya Afrika Mashariki, jina la Ukutani lilifika Cape Town. Mwanzoni mwa karne ya 20, Sheikh Muhammad Salih Hendricks, mzaliwa wa Swellendam, Afrika Kusini, alipitia Unguja akirudi kutoka Makka na akakaa kiasi cha mwaka mmoja. Alirudi kwao akiwa na sahibu Unguja, naye ni Sheikh Abdallah. Waislamu wa Cape Town walipovutana juu ya sala ya Ijumaa, kwa kuwa katika fikihi ya Kishafii asili ni Ijumaa moja kwa mji mmoja isipokuwa kwa dharura, Sheikh Abdallah alisafiri kwenda kuwasuluhisha. Ilikuwa karibu na kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza. Mtu mwenye zaidi ya miaka 50, mwenye familia na chuo, alipanda meli kwenda ncha ya bara kwa ajili ya kuwapatanisha watu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona. Mwaka 1920 Sheikh Hendricks alifungua Azzawia mjini humo, na bado ipo.

Shule za serikali na chuo

Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, serikali ya himaya ilianza kufungua shule zake. Mkurugenzi wa elimu, Rivers-Smith, alitaka Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Wazee wengi wa mjini walitaka Kiarabu, na zaidi ya yote walitaka Kurani isiachwe nje ya mlango wa shule. Kwa miaka mingi wazazi hawakuwa na haraka ya kupeleka watoto wao huko. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1905, serikali iliunda Kamisheni ya Wakfu, na mali nyingi za misikiti zikawa chini ya usimamizi wake.

Vyuo vya watu binafsi havikufa kwa hayo. Vilibaki na kile ambacho shule haikuwa nacho, yaani imani ya wazazi. Lakini mgawanyiko uliozaliwa zama hizo, elimu ya shule asubuhi na elimu ya chuo jioni, ndio mtoto wa Unguja anaoubeba mpaka leo. Waliofaulu kuziunganisha elimu mbili hizi katika kifua kimoja walikuwa wachache, na mkubwa wao alitoka mikononi mwa mtoto wa Sheikh Abdallah.

Zama za Sheikh Abubakar, 1925–1943

Kurithi chuo si kurithi nyumba. Nyumba huja na hati. Chuo hakiji na kitu ila wanafunzi, na wanafunzi wana miguu. Wangemwona mtoto hafiki kwa baba, wangehama msikiti. Hawakuhama. Sheikh Abubakar alikuwa amelelewa kwa kazi hii tangu utoto, na kwa miaka 18 alisomesha kwa mpangilio wa baba yake hadi alipofariki mwaka 1943.

Hapa ndipo sifa ya Sheikh Abdallah kama mzee wa familia inapoonekana kwa uzito wake. Wanavyuoni wengi wakubwa wa pwani waliacha vitabu na makaburi yanayozuriwa. Wachache waliacha mtoto aliyeweza kuwasomesha wale ambao baba hakuwahi kuwaona. Mtoto huyo alikaa katika halka ya baba yake kama wanafunzi wengine walivyokaa, akasoma *Safina* kabla ya *Minhaj*, na alipofika zamu yake ya kukaa mbele hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini yeye.

Miongoni mwa vijana waliosoma kwa Sheikh Abubakar alikuwa Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Asubuhi alikuwa mtu wa shule za serikali, kwanza mwanafunzi na baadaye mwalimu na mkaguzi. Jioni alikuwa kwenye darsa. Huyu ndiye aliyeichukua hazina ya Ukutani akaifungulia umma mzima.

Baada ya 1943

Mnyororo wa baba na mwana ulipokatika, mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulishika. Sayyid Umar bin Sumayt alikuwa kwenye ukadhi. Mapema miaka ya 1950 kilifunguliwa Chuo cha Kiislamu, ambacho kilileta madarasa, mitihani na walimu kutoka nje, na Sayyid Umar Abdallah, aliyejulikana na wengi kwa jina la Mwinyi Baraka, alikuwa mmoja wa wakuu wake. Alikuwa mwanafunzi wa Sayyid Umar bin Sumayt. Mtu akifuata nasaba ya elimu yake, baada ya hatua chache atajikuta Ukutani.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya wanavyuoni wengi. Sayyid Umar bin Sumayt alimalizia maisha yake Ngazija, akafariki 1976. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi Unguja, alihamia Kenya, akawa Kadhi Mkuu wa huko kuanzia 1968, na alifariki Oman mwaka 1982. Kilichokuwa kimekusanyika katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe kilisambaa Mombasa, Dar es Salaam, Moroni na Maskati.

Mwaka 1969 ilitoka *Qurani Takatifu*, tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Farsy. Haikuwa ya kwanza. Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana hapahapa Unguja, alichapisha yake mwaka 1923, wakati Sheikh Abdallah bado yu hai, na Waahmadiyya walitoa yao mwaka 1953. Lakini hii ndiyo iliyoingia katika nyumba za Waislamu wa Kisunni wa Afrika Mashariki na kubaki. Mwenye kuzisoma sharhe zake anaisikia darsa: aya, maana, kisha maelezo ya mambo yanayojulikana na watu wa hapa. Kiswahili kile cha kuandikwa baina ya mistari kilikuwa kimetoka pambizoni na kukaa katikati ya ukurasa.

Miaka mitatu baadaye, 1972, Sheikh Farsy alitoa *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*, kitabu kilichoyahifadhi majina ya walimu hawa: nani alizaliwa lini, alisoma kwa nani, alimsomesha nani. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya Bakathir, baba na mwana, imepitia kwenye kalamu ya mwanafunzi wa huyo mwana.

Na mwanafunzi huyo hakuwafuata walimu wake katika kila jambo. Katika miaka ya 1970 aliandika kupinga mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na baadhi ya mambo hayo yalikuwa mila zilizopendwa na watu wa tarika za pwani. Wapo waliokasirika, na mjadala haujafungwa. Lakini alipowaandika masheikh zake aliwaandika kwa mapenzi na kwa adabu kamili. Hiyo ni sifa ya chuo kilichomlea. Kilimpa nyenzo za kuhoji na kilimfunza heshima, na hakikuona kuwa kimoja kinaondoa chengine.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1860 | Kuzaliwa Sheikh Abdallah Bakathir, Lamu |
| 1861 | Kuzaliwa Sayyid Ahmad bin Sumayt, Itsandraa, Ngazija |
| Miaka ya 1880 | Sheikh Abdallah anasoma kwa Ibn Sumayt, Unguja |
| Miaka ya 1890 | Darsa za Ukutani zinasimama |
| 1897 | Safari ya Hadhramaut |
| Karibu na 1914 | Safari ya Cape Town kwa suluhu ya sala ya Ijumaa |
| 1925 | Kufariki Ibn Sumayt na Sheikh Abdallah. Sheikh Abubakar anashika chuo |
| 1930–1932 | Sheikh al-Amin Mazrui anaanzisha *Sahifa* na *al-Islah*, Mombasa |
| 1943 | Kufariki Sheikh Abubakar Bakathir |
| 1964 | Mapinduzi. Wanavyuoni wengi wanahama |
| 1969 | *Qurani Takatifu* ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy |
| 1972 | *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika* |
| 1976 | Kufariki Sayyid Umar bin Sumayt |
| 1982 | Kufariki Sheikh Abdulla Saleh Farsy |
| 2000 | Mji Mkongwe unaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO |

Kazi iliyobaki

UNESCO iliusajili Mji Mkongwe kwa majumba yake, milango yake na vichochoro vyake, na ni haki yake. Lakini mtalii anayeoneshwa mlango wa misumari ya shaba haambiwi kuwa nyuma ya milango ya mitaa kama Ukutani palisomwa *Minhaj* kwa Kiswahili kwa miongo, wala kuwa mtu wa Cape Town alijua njia ya kufika hapo. Vijana wetu wengi nao hawaambiwi. Mitaala ya shule inataja masultani, mabalozi na wamisionari kwa majina. Wanavyuoni waliowalea watu wa mji huu hupita kwa jumla, kama vile hawakuwa na majina.

Ushahidi wa historia hii hauko wote katika maktaba. Sehemu yake imo majumbani: ijaza zilizokunjwa ndani ya misahafu, barua za Hadhramaut na Ngazija, daftari za darsa, vitabu vya karatasi za manjano vyenye maana za Kiswahili baina ya mistari kwa mkono wa babu. Unyevu wa Mji Mkongwe na mchwa havisubiri. Kila nyumba inayovunjwa au kuuzwa, na kila sanduku linalotupwa msimu wa usafi, huondoka na jina la mwanafunzi mmoja ambaye hakuna mwengine anayemkumbuka.

Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina hazina ya miswada ya Kiarabu na watu wanaojua kuitunza. Familia zenye vitabu na barua za wazee wao hazilazimiki kuzitoa. Picha au nakala itamtosha mtafiti, na asili ibaki na wenyewe. Walimu wa vyuo nao wanaweza kuwaandika walimu wao kama Sheikh Farsy alivyowaandika wake: jina kamili, mahali pa kuzaliwa, aliosoma kwao, waliosoma kwake, mwaka wa kufa. Wanaowakumbuka wanafunzi wa mwisho wa Sheikh Abubakar sasa ni wazee sana, na waulizwe mwaka huu.